Maduara Matatu kwenye Zulia la Kwanza

Ile mashine ya mazulia ishikeni kwa mikono miwili. Naanza na hilo kwa sababu juzi nilipita karakana kuwasalimu, nikamkuta mmoja wenu ameishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili una simu, anajipiga picha. Sikusema kitu. Mtu aliyestaafu akiingia kazini na kuanza kufoka, watu humwonea huruma tu. Lakini nilirudi nyumbani bila raha, nikaona bora niandike.

Wengi wenu mnanifahamu kama Mama Damiano wa sweta. Nilizaliwa Mbulu, na huko ndiko nilikojifunza kufuma kwa mashine, halafu nikaolewa huku Gitting, nikaja na mashine yangu juu ya lori la viazi. Kwa miaka mingi nilifuma sweta za shule. Baridi ya huku haimwachi mtoto aende darasani na shati tupu, kwa hiyo kazi ilikuwapo mwaka mzima. Nilijua kola, nilijua mikono, nilijua mtoto wa darasa la tatu atakuwa na mabega gani akifika la tano. Kisha sweta zikaanza kuja zimefungwa kwenye marobota kutoka mjini, na mashine yangu ikawa inafunikwa kitambaa toka Jumatatu hadi Jumamosi.

Karakana ilikuwa palepale ilipo leo, kwenye ghala la zamani la ngano. Siku za mvua bado lilikuwa linanuka magunia. Karibu na mlango mkubwa alikuwa Mzee Boay, seremala, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu kwa sababu ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Mimi na mafundi cherehani wawili tulikuwa upande wa ukuta wa nyuma. Dirishani, kwenye mwanga mzuri, walikaa akina mama wanne waliokuwa wanapanda kutoka uwandani, wafugaji, wanashona ngozi na shanga. Mkubwa wao alikuwa Mama Gidamis. Alinizidi miaka michache, kwa hiyo kila asubuhi nilimwamkia, naye aliitikia vizuri, kisha ananisogezea kiti chake nikae kidogo kabla sijaanza kazi. Tulikaa hivyo miaka minne. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu nitakachosimulia si mambo ya watu wasiojuana.

Siku mashine ya mazulia ilipokuja, ililetwa na msichana anayeitwa Upendo, ambaye alijifunza kazi hiyo Arusha. Alikuwa na umri wa kitinda mimba wangu. Kila asubuhi alikuwa anasema, "Shikamoo mama," ninajibu marahaba, halafu siku nzima ananigombeza. Nilipata shida kuzoea. Mashine yenyewe mnaijua, ina umbo la drili, na sisi tuliiita bunduki tangu siku ya kwanza. Inapiga uzi kwenye kitambaa kilichovutwa kwenye fremu ya mbao, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ukiiinua huku inazunguka, uzi unamwagika sakafuni. Ukiisukuma kwa pembeni badala ya mbele, sindano inakata kitambaa.

"Mama, usipigane nayo," Upendo alikuwa ananiambia. "Igandamize, halafu iache itembee yenyewe."

"Mbona inanivuta?"

"Kwa sababu unaiogopa."

Alikuwa sahihi. Bega hili linalonisumbua hadi leo lilianzia kwenye ule woga, maana niliibana kama mtu anayemshika mbuzi asikimbie.

Na mnajua kwamba tunafanya kazi kwa nyuma, mbele kunakuja kinyume. Mnaambiwa siku ya kwanza. Na mimi niliambiwa siku ya kwanza. Kwenye kitambaa cha majaribio nikaandika KARIBU kwa herufi kubwa za kupendeza, nikajisifu moyoni. Mzee Boay akazunguka upande wa mbele, akaweka miwani, akasoma taratibu. "Ubirak," akasema. "Huyu ni nani, Mama Damiano? Ni mkwe wako?" Jina hilo lilinikaa mwezi mzima.

Basi, wakati huo serikali ya kijiji ilikuwa inalitaka ghala. Mavuno ya mahindi yalikuwa mazuri, watu walikosa pa kuhifadhi, na kwenye mkutano mtu mmoja aliuliza kwa nini jengo zima limekaliwa na watu kumi wanaotengeneza vitu ambavyo havionekani. Ikapangwa kwamba kamati itakuja Ijumaa fulani kuangalia kama kweli tunafanya kazi ya maana. Mzee Boay alitukusanya, akasema hataki hotuba. Anataka kitu kikubwa, kipya, ambacho mjumbe akiingia tu mlangoni atakiona. Macho yote yakahamia kwenye fremu ya zulia, na kutoka kwenye fremu yakahamia kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa na nyuzi. Nilikuwa na makoni ya uzi wa buluu nzito, kijani na damu ya mzee yaliyobaki kwenye sweta, na sufu ya kondoo tuliyoitia rangi ya chungwa.

Shida ilikuwa picha. Mmoja alisema twiga. Mwingine alisema maua. Upendo alisema moyo. Mimi sikutaka hata kimoja. Ninyi mnaoanza mtakuja kuijua hali hii, unapokuwa umefanya kitu kimoja miaka mingi bila mtu kukusifu, halafu unapewa nafasi moja ya kuonekana. Inamfanya mtu awe na tamaa. Sitatumia neno lingine.

Dirishani, siku hizo, Mama Gidamis alikuwa ametundika sketi ya ngozi ya marehemu mama yake. Alikuwa anaitengeneza polepole, anarudisha shanga zilizodondoka, kwa sababu binti yake alikuwa anakaribia kuolewa. Ilikuwa ngozi laini iliyopakwa mafuta hadi ikawa nyeusi kama kahawa, na kutoka kiunoni ilishuka mistari ya shanga, mingi, myembamba, kama maji yanavyoteremka mlimani baada ya mvua. Sehemu ya mbele, juu ya mapaja, kulikuwa na maduara matatu, moja kubwa kidogo kuliko mengine. Sijawahi kuona kitu kilichopangwa vizuri hivyo. Nilikuwa nikiitazama huku nanywa chai, hadi chai inapoa.

Kisha Mama Gidamis akaitwa nyumbani. Ng'ombe wake alikuwa na shida ya kuzaa, na baadaye mtoto akaugua, ikawa anakaa huko zaidi ya wiki mbili. Sketi aliiacha imetundikwa, kwa sababu aliamini mahali alipoiacha.

Siku ya pili baada ya yeye kuondoka nilichukua karatasi za kaki, nikaziunganisha kwa gundi, nikachora sketi ile nzima. Nilipima kila mstari. Nilipima maduara kwa kifuniko cha chupa ya chai. Mzee Boay alisimama nyuma yangu akiwa na randa mkononi.

"Umemwuliza mwenyewe?"

"Atafurahi," nikasema.

Akasimama kidogo, kisha akarudi kuendelea kuranda. Angeweza kunikataza. Baadaye aliniambia kwamba hilo lilimsumbua, kuwa aliuliza mara moja tu.

Nilifanya kazi siku nane. Ninyi mnajua kwamba kitambaa lazima kivutwe hadi ukikipiga kidole kilie kama ngoma. Basi kila asubuhi nilikuwa nakivuta upya, maana baridi ya usiku inakilegeza. Uzi niliutundika juu kwenye ndoano uteremke bila kukwama. Siku ya tatu mkono ulianza kutulia. Siku ya tano niliacha kuiogopa bunduki. Nilikuwa nikizunguka mbele kila baada ya mistari michache, napapasa ule unene wa nyuzi, na kifua kinajaa. Upendo, ambaye hakuwa mtu wa huku na hakujua sketi ile ni ya nani, alipiga makofi. "Mama, hii hata Arusha hawana."

Jumanne, siku tatu kabla ya kamati, Mama Gidamis alirudi.

Aliingia kwa mlango mkubwa, kwa hiyo aliliona kwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma ya fremu, sikumwona. Nilichosikia ni kwamba Mzee Boay aliacha kuranda. Nikazima mashine. Nikasikia pia cherehani zimenyamaza. Nikatoka nyuma, nikamkuta amesimama na mfuko wake bado begani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Ni zulia. Nilitaka ukirudi ulikute."

"Zulia linawekwa wapi?"

Nilijua tayari anakokwenda. "Chini."

"Na watu wanafanya nini juu yake?"

"Wanapita."

"Na viatu?"

"Wengine na viatu."

Akasogea. Akanyoosha mkono karibu na yale maduara, bila kugusa, kiganja kikabaki hewani.

"Mama yangu alizaa tisa," alisema. Alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza njia. "Hawa watatu hawakufika kutembea. Huyu mkubwa ndiye aliyenifuata mimi, namkumbuka. Mama aliwaweka hapa, kwenye mapaja, pale mtoto anapolala ukimpakata. Alikuwa akikaa chini jioni anaweka mkono hapa. Wewe umewaweka kwenye sakafu."

Akaenda dirishani, akaishusha sketi, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko. Wenzake watatu walianza kukusanya shanga zao. Akawaambia kitu kwa lugha yao, nao wakaacha, wakabaki wameshika mikebe.

"Ijumaa tutakuja," akamwambia Mzee Boay. "Tuliahidi. Lakini kile kitu kikibaki hivyo, baada ya Ijumaa hatutaingia tena humu."

Akaondoka. Mimi nilibaki nimeshika bunduki iliyozimwa, na nawaambia ukweli, wazo la kwanza lililonijia halikuwa la kumhurumia. Lilikuwa: siku nane.

Upendo akanisogelea. Akaeleza hesabu ya gundi. Ile gundi nyeupe ya nyuma inahitaji siku mbili kukauka kwa baridi ya huku, kwa hiyo tukitaka zulia litolewe kwenye fremu Ijumaa, lazima tupake jioni ile ile. Tukianza kufumua, kitambaa kimeshatobolewa sana, kinaweza kuchanika chote. "Mama, nakuheshimu, lakini ukifumua unaweza kukosa vyote viwili, zulia na ghala," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu, maana na yeye hii ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kufundisha.

Nikamtazama Mzee Boay anisaidie.

"Uliamua mwenyewe kuchora," akasema. "Amua na hili."

Sikulala vizuri, lakini hilo si jambo la kusimulia. Jumatano asubuhi nilichukua bodaboda nikateremka kuelekea Balangida. Dereva alinishusha pale njia inapoishia, nikatembea kwenye vumbi hadi kwenye uzio wa miiba wa kwa Mama Gidamis. Alikuwa amepiga magoti anakwangua ngozi iliyowambwa chini kwa vijiti. Nikaamkia. Akaitikia bila kuinua uso. Hakunipa kiti. Mgeni huko hupewa kiti hata kama ni mtoza kodi.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Kwa kosa gani?"

"Kuchora sketi ya mama. Sikujua maana ya yale maduara."

"Hukujua, ndiyo. Nani angekuambia?" Kisu kiliendelea, kra, kra. "Kwa nini hukuuliza?"

Jibu nilikuwa nimelitayarisha njia nzima. Hukuwepo. Simu yako haikupatikana. Na kweli, mtandao wa kule unapatikana ukipanda juu ya kichuguu. Lilikuwa jibu zuri na lisilo na uongo, nami nilifungua mdomo nilitoe. Halikutoka.

"Nilijua ungekataa," nikasema.

Kisu kikasimama.

"Sema tena."

"Nilijua ungekataa. Ndiyo maana nilichora ukiwa haupo."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. Uso wake haukuwa na hasira niliyoitegemea. Alionekana amechoka.

"Tangu jana najiuliza," akasema, "huyu niliyekaa naye ni mjinga au ni mwizi. Sasa nimejua." Akafuta kisu kwenye majani. "Angekuwa mjinga ningemsamehe leo, akarudi na amani yake. Mwizi atasubiri."

Nikasema sawa.

"Watoe. Nitakuja kesho niwaone wanatoka. Sitakuja kukusaidia."

Alhamisi alifika mapema kuliko sisi. Tulimkuta amekaa nje ya ghala, kwenye gogo la Mzee Boay. Alipoingia akaweka kiti chake mbele ya fremu, akatandika shuka mapajani.

Sasa sikilizeni, hapa kuna kazi. Kufumua si kuvuta nyuzi kwa hasira. Unakwenda nyuma, unatafuta mwisho wa mstari, unavuta mshono mmoja baada ya mwingine, polepole, na kidole cha mkono wa pili kinasukuma kitambaa kisifuate uzi. Ukimaliza sehemu, unachukua sindano butu unakwaruza ule mfumo wa kitambaa, huku na huku, mpaka matundu yajifunge. Usipofanya hivyo ukipiga tena bunduki hapo, sindano haitapata cha kushika.

Nilianza na dogo la kushoto. Vipande vyote vilivyodondoka upande wa mbele, Mama Gidamis alivipokea kwenye shuka. Hata kimoja hakikufika chini. Vilivyonidondokea mimi nyuma nilivizungusha nikampa, akavipokea bila kusema. La kwanza likatoka. La pili likatoka. Ilikuwa imeshafika saa sita, na Upendo alikuwa anatembea huku na kule na kopo la gundi.

La tatu, lile kubwa, niliharakisha. Mstari mmoja ulikuwa umekwama, vidole vimekufa ganzi, nikachukua ncha ya mkasi ili niuinue kidogo tu. Nikasikia sauti. Kitambaa kilichovutwa kikikatwa hakikatiki pale ulipokata, kinakimbia. Kilifunguka urefu wa kidole, kikasimama, kisha mbele ya macho yangu kikaongezeka hadi urefu wa kiganja.

"Mtu asiguse," Mzee Boay akasema.

Alitembea taratibu na koleo lake. Mimi ningeanza kushona palepale, na ningeharibu kila kitu. Yeye alianza kulegeza misumari: mmoja wa juu, mmoja wa chini unaotazamana nao, kisha mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, akizungukazunguka, hadi kitambaa kikashusha pumzi na midomo ya ule mpasuko ikakaribiana. Hilo ndilo la kuliweka kichwani kuliko yote niliyoandika hapa. Kikichanika, legeza kwanza.

Nikachukua sindano. Vidole vilivyokufa ganzi havikuweza kutunga uzi. Upendo akajaribu, na yeye akashindwa, maana alikuwa analia.

Mama Gidamis akakunja shuka lake kwa uangalifu na vile vipande ndani yake, akaliweka juu ya kiti. Akaenda dirishani, akarudi na sindano yake kubwa na uzi wa kushonea ngozi.

"Pisha," akaniambia. "Sishoni kwa ajili yako. Ghala hili ni la wengi."

Alishona kwa ule mshono wao wa ngozi, ambao kila pigo linarudi nyuma kulishika lililotangulia. Hakuvuta kwa nguvu hata mara moja. Mzee Boay alikuwa amekishika kitambaa upande wa pili kwa kiganja kilichofunguka, na nilisikia uzi ukipita. Alipomaliza alikigonga kwa ukucha. Hakikulia kama ngoma, lakini kilishika.

Misumari ikarudishwa, nusu tu, nikamalizia nyuzi zilizobaki za lile duara kubwa, Mama Gidamis akazipokea. Nikashika bunduki, mikono miwili, nikajaza buluu pale maduara mawili yalipokuwa. Nilipofika karibu na mshono Upendo alinishika kiwiko. "Sambamba, mama. Usiuvuke." Nikapita sambamba mara mbili. Mara ya tatu umeme ukakatika.

Hatukuwa na muda wa kungoja urudi. Sehemu iliyobaki tuliijaza kwa sindano ya magunia, kitanzi kwa kitanzi, Upendo mbele na mimi nyuma, na wale akina mama wengine watatu wakitukatia nyuzi kwa urefu mmoja. Mama Gidamis alirudi kwenye kiti chake akatazama. Kabla hatujapaka gundi nilimwuliza kuhusu ile mistari, kama nayo itoke. Nilikuwa nimejiandaa kuitoa yote.

"Mistari ni ya kila mwanamke," akasema. "Hiyo iache."

Tulipaka gundi jua likiwa bado juu ya ukuta.

Ijumaa walikuja watatu, mwenyekiti mbele. Zulia lilikuwa bado kwenye fremu, nyuma bichi, linanuka. Mwenyekiti alilitazama kwa mbele muda mrefu. Mjumbe mmoja akasema zulia huonwa likiwa chini, litolewe. Mzee Boay akaeleza kwamba gundi haijakauka. Yule mjumbe akatabasamu kama mtu aliyekuwa anangoja kusikia sababu.

Kisha mwenyekiti akageuka dirishani. Nadhani alikuwa amesikia maneno. Kijiji hakifichi kitu. "Na ninyi wa shanga," akamwuliza Mama Gidamis, "mnakubaliana na hawa wa mashine? Maana nasikia mnataka kuondoka."

Alikuwa na haki ya kusema neno lolote. Ningekuwa mimi, sijui ningesema nini. Alimaliza kutunga shanga iliyokuwa mkononi, akaweka sindano chini.

"Mwenyekiti, njoo huku nyuma."

Akampeleka nyuma ya fremu, kwenye upande ambao sisi huwa hatumwonyeshi mgeni. Akamwonyesha ule mshono chini ya gundi.

"Huu ni wa kwangu. Ni mshono wa ngozi. Zulia la mashine limechanika jana, nimelishona mimi, seremala ameshika, huyu msichana amejaza." Akasogea pembeni amwachie nafasi. "Mambo yetu mengine ni yetu."

Mwenyekiti aliinama, akautazama ule mshono, akanyoosha kidole, kisha akakirudisha kabla hajaugusa. Walituachia ghala hadi mavuno yafuatayo, na mavuno yafuatayo hakuna aliyeuliza. Zulia lilikwenda Katesh kwa mtu aliyekuwa anafungua nyumba ya wageni, na nimewahi kuona watu wakipita juu yake na mizigo yao. Pale katikati kuna buluu tupu, imejaa zaidi kidogo kuliko kwingine. Huwezi kujua.

Mama Gidamis hakunisamehe Ijumaa ile. Nisiwadanganye. Alihamisha kiti chake akakipeleka upande wa pili wa dirisha. Kila asubuhi nilimwamkia, kila asubuhi aliitikia, na kiti hakusogeza. Mvua zikaja zikaondoka, zikaja tena. Binti yake aliolewa na sikualikwa. Upendo alirudi Arusha, nikabaki mimi nafundisha wengine, wakiwemo wakubwa wenu, na kila nilipofika kwenye somo la picha nilikuwa nasema, ulizeni mwenye nayo, na nilikuwa nasema hivyo nikijua kwamba kule dirishani ananisikia.

Kisha siku moja, wakati wa kiangazi, alisimama mbele ya fremu yangu na kipande cha karatasi ya kaki kimekunjwa.

"Hii bunduki," akasema, "mtu wa umri wangu anaweza kujifunza?"

"Mimi nilijifunza."

"Wewe ulichana."

"Nilichana," nikakubali.

Akafikiri, akanipa ile karatasi. Sikuifungua. Nilimwuliza kama naruhusiwa kutazama, akasema si amenipa? Nikafungua. Alikuwa amechora kwa mkaa mnyama mwenye mgongo ulioteremka na masikio makubwa, amekaa vibaya, mdomo wazi.

"Fisi," nikasema.

"Alikula ndama wangu wawili mwezi uliopita. Huyu nataka akanyagwe. Na viatu, na bila viatu, kila siku."

Nikatamani kucheka, nikamtazama kwanza kama inafaa. Midomo yake ilikuwa imebanwa sana, kama mtu aliyeshika shanga kwa meno.

"Tumchore kinyume," nikamwambia, "maana ukifanya kwa nyuma, mbele atatazama upande mwingine."

"Atazame anakotaka," Mama Gidamis akasema, na akakivuta kiti chake hadi kwenye fremu.